Msharasi Ulioshuka Rhapta

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu kidogo cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho huitwa Periplus, na wengi wetu tulikutana nacho darasani. Tulikariri kwamba mji wa mwisho wa biashara katika pwani yetu uliitwa Rhapta, kwamba huko zilitoka pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, na kwamba iliingia mikuki, mashoka na visu. Mtihani ukaja, tukajibu, tukafaulu, basi. Lakini, ndugu msomaji, ukiisoma ile sura fupi yenyewe inayotaja bidhaa zilizoletwa huku, utakuta baada ya mikuki iliyofuliwa Muza, bandari ya Yemen, baada ya mashoka na visu, na kabla ya vitu vya kioo, pametajwa chombo kimoja ambacho daftari langu la historia halikuwa nacho: misharasi midogo. Naam, misharasi. Hii hii ya mshona viatu.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu. Mkuki mtu huununua kwa sababu ya adui au mnyama, na shoka kwa sababu ya msitu. Msharasi hununuliwa na mtu mwenye kitu cha kushona. Chombo hakitoki Muza, kikangoja pepo, kikapakia vyuma vidogo visivyofika hata shubiri, ila kuna wanunuzi wanaojulikana upande wa pili. Kwa hiyo mafundi hao walikuwako, na walijua wanataka chuma cha namna gani. Tena mwandishi yule yule anasema kwamba jina la Rhapta limetokana na mashua zake za kushonwa, maana kwa Kigiriki neno hilo ni la kushona. Mitepe ya Lamu, iliyofungwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, ni ukoo huo huo. Najua, mbao hutobolewa kwa keekee, si kwa msharasi; sisemi kwamba misharasi ile ndiyo iliyojenga mashua. Nasema tu kwamba mji ule tunaojivunia katika ukurasa wa kwanza wa historia ya pwani yetu uliitwa kwa jina la mshono, ukaagiza misharasi, na sisi tukakumbuka mikuki.

Nina sababu yangu ya kuumwa na jambo hili. Babu yangu mzaa mama alikuwa mshona viatu na mikoba kwa zaidi ya miaka arobaini, kwenye kibaraza kimoja mjini Tanga. Alipofariki, wajomba walikaa kugawana vitu. Redio ilipata mtu. Baiskeli ilipata watu watatu na maneno mengi. Kisanduku cha vyombo vya kazi kikakosa mwenyewe. Akaitwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akakinyanyua kwa mkono mmoja, akasema, "Hii haifiki hata kilo nne, bwana," na mjomba mkubwa alikuwa tayari kupokea alichopewa. Simlaumu, shida za nyumba anazijua yeye. Nikasema nakitaka mimi. Wakacheka wote. "Wewe mwenye kalamu?"

Ndani mlikuwa na misharasi mitatu, visu viwili, nyundo, kipande cha ubavu wa ng'ombe kilichong'aa kama kaure, donge la nta, ukanda wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao, na kinoo. Nitavieleza kidogo, kwa sababu mnunuzi wa vyuma alivipima kwa uzito tu, na wanahistoria wengi hawavipimi kabisa.

Watu hudhani msharasi ni msumari wenye mpini. Sivyo. Uko wa namna mbili. Ule wa mviringo haukati kitu. Husukuma nyuzi za ngozi kando tu, na fundi huutumia kuchora alama na kufungua tundu lililojiziba. Ule wa kushonea hasa una pande nne, na ungeukata katikati ungeona umbo la uru la karata: pembe mbili kali, mbili butu. Huo hufanya mpasuko mdogo wa mshazari, si tundu. Uzi ukishapita, fundi hugonga mshono taratibu kwa nyundo, mpasuko ukajifumba na kuubana uzi. Ndiyo maana mshono mzuri wa mkono hauonyeshi matundu, unaonyesha uzi tu, umelala kama mstari wa mvua ya upepo. Na kwa kuwa mshono huo huenda kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, uzi ukikatika mahali pamoja mwingine unashikilia. Ule wa cherehani, nyuzi zake zimenasana katikati ya ngozi tu, ukikatika pamoja huanza kufumuka.

Kunoa msharasi huu, basi, si kuuchonga ncha. Kila upande kati ya zile nne hulazwa bapa juu ya kinoo na kusuguliwa sawasawa na wenzake. Babu alihesabu kwa sauti ya chini, saba, saba, saba, saba, kama mtu anayevuta tasbihi. Ukizidisha upande mmoja, uru hupinda na kila tundu nalo hupinda. Tena ukali huwekwa karibu na ncha tu. Huko nyuma, mwili wa msharasi hung'arishwa uteleze, lakini pembe zake hutulizwa kidogo, kwa sababu zikiwa kali mpaka kwenye mpini, kila ukitikisa mkono unapanua tundu, na ngozi imekwisha tobolewa haitoboki upya. Baada ya kinoo huja ule ukanda wa ngozi. Babu aliupaka majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, akauvuta msharasi kinyumenyume juu yake, kamwe si kwa mbele, mpaka akijiona ndani ya chuma. Mwisho anauchoma ndani ya nta au kipande cha sabuni ya kufulia, ili uingie bila kelele. Ngozi ndiyo inayonoa chombo cha kuikata ngozi. Jambo hilo lilinishangaza nilipokuwa mtoto, na hata leo.

Visu vina tabia nyingine. Kile chembamba cha kupunguzia ukingo wa ngozi hunolewa upande mmoja tu. Mgongo wake hukaa bapa kabisa. Ukikisugua vya kutosha, upande wa pili hutokea kiuzi cha chuma kinachojikunja, hukioni lakini kidole kinakihisi. Hapo ndipo unajua umefika, na kiuzi hicho hung'olewa kwenye ukanda, la sivyo kitajing'oa chenyewe katikati ya kazi na kuacha meno. Na kila mwezi babu alikigeuza kinoo chenyewe juu ya sakafu ya saruji, kwa maji na mchanga, akakisugua mpaka bonde lake likaisha. Kinoo chenye bonde hutoa kisu chenye tumbo. Wengi hunoa visu; wachache hukinoa kinoo.

Hapa niseme neno juu ya wale wanoa visu wanaopita mitaani na jiwe linalozungushwa kwa pedali ya baiskeli. Nawaheshimu sana, na kwa panga au kisu cha jikoni wape tu. Lakini kisu cha ngozi babu hakuwapa hata siku moja. Jiwe la kuzunguka hutoa joto, na chuma cha pua kikipata joto ukingoni hubadilika rangi, kwanza manjano, halafu hudhurungi, halafu zambarau, mwisho buluu. Kikishafika buluu, ugumu aliokipa mhunzi umekwenda zake. Utakinoa asubuhi, mchana kimelala. "Kisu butu ndicho kinachokata mkono, mjukuu wangu," aliniambia, na ni kweli tupu, kwani kisu kikali huhitaji nguvu ndogo, na nguvu ndogo haikuponyoki.

Sasa turudi kwenye historia. Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Farao Thutmose III huko Thebes, lililochorwa zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, ukuta mmoja umejaa mafundi. Washona ngozi wamo. Mmoja anaitumbukiza ngozi ndani ya mtungi, wengine wanailainisha na kuikata, mwingine anatoboa soli kwa msharasi, mwingine anavuta ukanda kwa meno. Kisu chao kina umbo la nusu mwezi, mpini umekaa katikati ya mgongo, na nguvu ya mkono inashuka moja kwa moja juu ya makali. Nenda leo kwa fundi wa matandiko ya farasi Ulaya au Marekani, utakikuta kisu hicho hicho mezani. Miaka 3,400, na hakuna aliyepata la kurekebisha isipokuwa madini: kutoka shaba kwenda chuma cha pua.

Lakini Misri hiyo hiyo ina utungo mwingine, wa zamani zaidi kuliko kaburi hilo, unaojulikana kwa jina la mwandishi wake, Dua-Kheti. Baba anampeleka mwanawe shule ya ukarani na njiani anazitukana kazi zote moja moja ili kijana aipende kalamu. Mshona viatu naye kapata fungu lake: maskini wa maskini, anayetafuna ngozi. Wanafunzi wa Misri walinakili utungo huo kwa mamia ya miaka kama zoezi la mwandiko. Fikiria, msomaji: kizazi baada ya kizazi cha watoto wanajifunza kuandika kwa kumwandika fundi vibaya. Mimi nikiisoma habari hiyo nasikia kicheko cha wajomba zangu, ila kimegeuzwa upande.

Si kwamba dharau hiyo ni ya Misri pekee. Kule Konso, kusini mwa Ethiopia, wako wanawake ambao mpaka enzi hizi zetu wamekuwa wakikwangua ngozi kwa vyombo vya mawe, vilivyopachikwa kwenye mipini ya mti. Jiwe likipoteza makali, mwanamke hulipiga ukingoni, kijichembe kinaruka, makali mapya yanatokea. Hulipiga tena na tena mpaka jiwe linakuwa dogo lisiloshikika, ndipo hulitupa. Watafiti waliokaa nao, miongoni mwao Kathryn Weedman Arthur, waliandika jambo lililowakera wenzao wengi: kwa zaidi ya karne moja wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wakimchora mchonga mawe kuwa mwanamume, na hapa palikuwa na akina mama wakichonga kwa ustadi uliopita wa vijana. Hata hivyo, katika jamii zao wenyewe wafanyakazi wa ngozi huhesabiwa watu wa chini.

Na ule ubavu wa ng'ombe wa kisanduku cha babu, wa kusugulia ngozi iwe laini na kung'aa? Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba katika makazi mawili ya kale kusini-magharibi mwa Ufaransa, Pech-de-l'Azé na Abri Peyrony, vimepatikana vipande vya mbavu za wanyama vilivyosuguliwa ncha kwa namna hiyo hiyo, kazi ya Neanderthal wa miaka kama 50,000 iliyopita. Mnunuzi wa vyuma alikitupa chini kile cha babu. "Mfupa huu," alisema.

Kinoo ndicho kigeni zaidi mle ndani, ingawa kila duka la vifaa linakiuza: lile jiwe la kijivu lenye nyuso mbili, mmoja wa chenga na mmoja laini. Halikuchimbwa popote. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alichanganya udongo na kaboni, akapitisha umeme, akitafuta almasi ya kutengeneza. Almasi hakuipata, alipata chembe ngumu zinazong'aa, akaziita Carborundum. Kabla ya hapo mafundi wa dunia walitegemea mawe ya asili, na huku kwetu kila kijiji kilikuwa na mwamba wake wa kunolea, wenye mifereji. Mipini ya mbao nayo ililainishwa kwa majani makavu ya mti wa msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ya dukani ilipokuja ilikuta jina linaingoja.

Kama ni fahari tunatafuta, Siyu ipo. Mji huo wa kisiwa cha Pate, ambao sultani wa Zanzibar, Sayyid Said, alishindwa kuutia mkononi kwa vita katika miaka ya 1840, ulisifika kwa mambo mawili: makubadhi na kazi nyingine za ngozi, na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Tumezoea kuyataja mbali mbali, hili la mafundi, lile la maulamaa. Lakini msahafu hautembei uchi. Kurasa zilishonwa na kuvikwa jalada la ngozi, na ngozi hiyo ilikatwa na kupunguzwa ukingo kwa kisu kilichonolewa barabara, kwa sababu ngozi nene haikunjiki pembeni mwa jalada. Na yule mwandishi mwenyewe, kalamu yake ya tete alikuwa akiichonga kwa kisu kidogo kila alipoandika kurasa kadhaa. Kisu butu husaga tete, na wino ukamwagika. Katika Siyu, mwenye kalamu na mwenye msharasi bila shaka walikuwa wakiombana kinoo.

Kisa kinachojulikana zaidi cha chombo hiki, hata hivyo, ni cha huzuni. Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray karibu na Paris, mtoto wa miaka 3 aliingia karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, akachukua chombo chenye ncha akaanza kuiga kazi. Wengine husema ni msharasi, wengine kisu kilichopinda. Kikateleza, kikamwingia jichoni. Maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Mtoto huyo ni Louis Braille. Akiwa na miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha buni mfumo wa maandishi ambao sisi tunauita nukta nundu, akauchapisha mwaka 1829. Sasa tazama chombo cha kuandikia nukta nundu kwa mkono: mpini mfupi unaojaa kiganjani na ncha ya chuma ya kutoboa karatasi nene bila kuipasua. Ncha yake ni butu kwa makusudi, kwani kazi yake ni kuinua nukta, si kufanya tundu. Aliyezoea msharasi wa mviringo hahitaji kuelezwa namna ya kukishika.

Babu alikipenda kisa hiki nilipomsomea. Aliuliza swali moja tu: huyo baba aliacha chombo mezani au kisandukuni?

Nimeambiwa na wenzangu kwamba haya yote ni ya zamani, viatu sasa ni vya kiwandani. Sawa. Tuangalie kiwanda basi. Tanzania tulijengewa kimoja Morogoro, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na mashine za kisasa na uwezo wa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zake zikauzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu na hewa haikupita, katika joto la Morogoro. Mashine zikaharibika, vipuri hakuna. Uzalishaji haukuzidi kiasi cha asilimia 4 ya uwezo, na mwaka 1990 kikasimama. Sisemi kwamba nchi ingevikwa viatu na babu yangu, huo utakuwa mzaha. Lakini kinoo chake hakikusubiri kipuri kutoka ng'ambo, na katika miaka hiyo hiyo ya 1980, dukani hamna kiatu, ni watu kama yeye waliokuwa wakikata katambuga kutoka matairi ya lori, kisu kikichovywa majini kila mara ili mpira usikinate. Halafu ikaja mitumba, ikaja ndala za plastiki zisizoshoneka, na vibaraza vikapungua. Fundi wa siku hizi wa kando ya barabara huuchonga msharasi wake mwenyewe kutoka spoki ya baiskeli au waya wa mwavuli, anaukata kikulabu nchani wa kuvutia uzi. Ni werevu mtupu. Lakini tundu lake ni la mviringo, na halijifumbi.

Kisanduku kiko chumbani kwangu, juu ya vitabu. Wa kwanza kuja kukiulizia alikuwa fundi mmoja kijana wa sokoni, aliyepata kazi ya mikoba ya kushona kwa mkono na mshono wake ukawa unakataliwa. Alipiga hodi jioni, akasalimu, akaomba kuazima msharasi ule mwembamba wa pande nne. Nikampa, na kinoo juu yake. Nikamwonyesha saba, saba, saba, saba. Akatazama bonde lililoanza kurudi juu ya jiwe, kwa sababu tangu babu afariki hakuna aliyelisugua, akauliza kama nina mchanga.